Digrii Nne za Verl Bascom

Arvid Kolstad hakuwahi kupokea kitu cha bure bila kukigeuza chini juu. Ukimpa tufaha, ataangalia kitako chake kwanza. Ukimsalimia kwa uchangamfu, atakuuliza unataka nini. Mkewe, enzi za uhai wake, alizoea kusema kwamba hata mvua ikinyesha mume wake huuliza imetumwa na nani. Arvid mwenyewe hakuona aibu. Wasiwasi ndio akili, alisema, na kama watu wangekuwa na wasiwasi kidogo zaidi, duniani kusingekuwa na injini nyingi zilizopasuka.

Na kweli, injini zake hazikupasuka ovyo. Alikuwa na karakana ya kuchonga vyuma huko Twin Falls, Idaho, na kwa miaka kumi na tisa, kila Agosti, alivuta gari lake kwa trela hadi kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kutafuta rekodi moja tu. Gari lenyewe lilikuwa refu na jembamba, dereva analala chali ndani yake kama mgonjwa kwenye machela. Injini ilikuwa ya kizamani, silinda nane, valvu zimekaa ubavuni, aina ile iliyosukuma malori ya viazi wakati baba yake Arvid alipokuwa kijana. Injini hizo zina daraja lao la mashindano peke yao. Rekodi ya daraja hilo ilikuwa maili mia mbili na tatu nukta nne kwa saa, ambazo kwa wanaohesabu kilomita ni mia tatu na ishirini na kitu, na mwenye rekodi hiyo aliitwa Verl Bascom, wa Bakersfield.

Anayevunja rekodi kwa mwendo unaozidi mia mbili huvishwa kofia nyekundu. Kofia hiyo haiuzwi, haiazimwi, na hakuna mjanja aliyewahi kuipata kwa mlango wa nyuma. Arvid aliitafuta kwa miaka kumi na saba akiwa dereva, mpaka macho yakamsaliti. Ndipo alipomwachia kiti binti yake Janeen, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja ambaye siku nyingine zote za mwaka alitengeneza mashine za kukamulia ng'ombe. Na Agosti hii ilikuwa ya mwisho. Chama cha mbio hizo kilikuwa kimebadilisha kanuni za kizimba cha chuma kinachomkinga dereva, na gari la Kolstad lilikuwa jembamba mno kuingia kizimba kipya. Ulipanue, basi si gari lile tena. Mkaguzi aliandika kwenye fomu yao kwa herufi kubwa: MWISHO MWAKA HUU.

Basi Jumanne asubuhi Janeen akapita kwa maili mia mbili na sita nukta moja.

Mtu asiyejua angerukaruka. Arvid hakuruka, kwa sababu rekodi ya chumvini si mpito mmoja. Ukishaipita ya zamani, unaagizwa kwenda zizini, ndivyo walivyouita ule uwanja uliozungushiwa kamba, na gari linafungiwa humo. Una saa nne za kufungua na kurekebisha utakacho, kisha kila mtu anatoka. Kesho yake alfajiri unapita tena, na wastani wa mipito miwili ndio unaohesabiwa. Na ndani ya zizi hakuna anayeruhusiwa kuwasha injini, awe nani. Mlinzi wa zizi, bibi mmoja aliyeitwa Dottie Quigg, alikuwa na saa ya mkononi na moyo wa jiwe, na hakuna aliyemwomba dakika ya nyongeza mara mbili.

Katika saa ya kwanza Arvid akagundua kwamba magneto yao, kile kidude kinachozalisha cheche za plagi, ilikuwa imeungua. Ilinuka. Ukiizungusha kwa mkono, cheche yake ilikuwa ya manjano na dhaifu. Ya akiba hawakuwa nayo, maana hiyo ndiyo iliyokuwa ya akiba. Ile ya kwanza ilikufa Jumapili.

Janeen akasema aende kwa mtangazaji, waulize kwenye vipaza sauti kama kuna mwenye magneto ya injini ya namna ile. Ndivyo ilivyo desturi ya chumvini: mwenye kukosa husema, mwenye nacho huleta. Arvid akamkatalia. Hawezi, alisema, kusimama mbele ya mahasimu wake wote akawaonyesha kidonda kilipo. Janeen akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akaenda kwa mtangazaji.

Dakika ishirini baadaye aliyekuja ni Verl Bascom.

Alikuja taratibu, mzee mnene mwenye kofia nyekundu iliyopauka kwa jua, mkono mmoja una tango la siki alilokuwa akilitafuna, mwingine umebeba kitu kilichofungwa kwa taulo. Arvid alipomwona akainamia injini. Hawa wawili waliwahi kuwa washirika kwa miaka sita. Kipupwe kimoja Arvid alichora umbo jipya la ile shafti inayofungua valvu, akauficha mchoro kwenye droo. Agosti iliyofuata Verl akatokea na injini yake mwenyewe, na mlio wa injini ile, Arvid angeweza kuapa mbele ya hakimu, ulikuwa mlio wa mchoro wake. Alipomuuliza, Verl akacheka. Ushahidi hakuwa nao. Wakagawana vifaa vyao, kila mtu akashika njia yake, na tangu hapo walisalimiana kwa kidevu tu.

Verl akaifungua taulo. Magneto ilikuwa safi, imetunzwa.

"Nimeitoa kwenye gari langu," akasema. "Chukua."

"Na wewe utakimbia na nini?"

"Mimi sikimbii kesho. Nitakaa kivulini nile matango."

Arvid hakunyoosha mkono. Janeen ndiye aliyeipokea, akashukuru kwa niaba ya familia.

"Ila nisikilizeni," Verl akaendelea. "Ina tabia yake. Injini ikivuka mizunguko elfu tano kwa dakika, cheche inachelewa digrii nne. Ukiiweka kwenye ishirini na nne yako, Arvid, huko mbele itakuwa ishirini, na gari litalegea. Iweke ishirini na nane. Ikichelewa, itaangukia pale pale unapopataka."

Akamalizia tango lake, akaenda zake.

Sasa, kwa asiyefanya kazi hii: cheche lazima iwake kidogo kabla pistoni haijafika juu, na huo udogo hupimwa kwa digrii. Ikichelewa, nguvu inapotea. Ikiwahi mno, moto unaipiga pistoni usoni ikiwa bado inapanda, na pistoni inayeyuka kama mshumaa. Kwa injini ya Kolstad, ishirini na nne ilikuwa sawa. Ishirini na nane, kama magneto haichelewi, ingekuwa maangamizi. Na kama inachelewa au haichelewi, hapakuwa na njia ya kujua. Magneto iliyosimama haisemi kitu, na zizini hakuna kuwasha.

Arvid akakaa juu ya ndoo akaitazama. Kwanza akajiuliza kwa nini mwenye rekodi amletee fimbo mtu anayekuja kumpiga. Desturi, sawa, desturi aliijua. Lakini desturi ni kutoa cha akiba, si kung'oa cha gari lako mwenyewe. Pili, zile digrii nne. Hadithi nzuri, na haipimiki. Tatu, na hili ndilo lililomchoma zaidi:

"Nani kamwambia ninatumia ishirini na nne?"

"Baba," Janeen akasema, "mmefanya kazi pamoja miaka sita."

"Zamani hizo. Ningeweza kubadilisha."

"Umebadilisha?"

"Hilo si swali."

Akaifungua magneto. Alitumia saa nzima na zaidi, kioo cha kukuzia jichoni, kila skrubu ikipangwa juu ya kitambaa. Alitafuta waya uliokatwa nusu, sumaku iliyolegezwa, chembe ya mchanga. Hakupata. Alichopata ni skrubu mbili ambazo rangi ya vichwa vyake ilikuwa imebanduka, dalili kwamba zimefunguliwa karibuni. Akamwita Janeen aje aone. Janeen akaona, akasema mtu akitunza kitu chake hukifungua. Arvid akasema ndiyo, na mtu akikiharibu pia hukifungua.

Kutopata kosa kulimtia hofu kuliko kama angelipata. Lingekuwepo kosa dogo, angelirekebisha akatulia. Sasa aliona kwamba mtego wote, kama ni mtego, umo kwenye maneno. Kidude ni kizima, ili ukiamini. Ukishakiamini, unaamini na digrii nne. Kisha alfajiri binti yako analala chali karibu na moto, maili mia mbili kwa saa, na pistoni inapasuka, oili inamwagika kwenye tairi la nyuma. Aliwahi kuliona gari likifanyiwa hivyo na oili. Lilijiviringa mara tisa. Watu walihesabu kwa sauti, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya zaidi ya kuhesabu.

Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Ila ilikuwa imelala kitanda kimoja na chuki ya miaka ishirini, na Arvid hakuweza tena kujua mguu upi ni wa nani.

Akamwambia Janeen wataweka ishirini na nne, na kama itachelewa, basi na ichelewe. Janeen akaweka spana chini.

"Ni mimi ninayelala mle ndani, baba. Si wewe."

"Ndiyo maana."

"Verl hana sababu ya kuniua. Hana. Mimi alinibeba mabegani nikiwa na miaka minne. Weka ishirini na nane, au kesho simkalii mtu kwenye kile kiti."

Arvid alimjua mwanawe. Alirithi shingo ngumu pande zote mbili. Akatikisa kichwa kukubali, na kwa dakika chache huenda alikubali kweli. Akaifunga magneto mahali pake, akazungusha kranki kwa mkono mpaka alama ikasimama kwenye ishirini na nane. Dottie Quigg akapaza sauti kwamba zimebaki dakika kumi. Janeen akaenda kutia sahihi kwenye kitabu cha zizi.

Akiwa peke yake, Arvid akaitazama ile alama. Akainua macho. Ng'ambo ya kamba Verl alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha turubai, kivulini kama alivyoahidi, anacheka na watu. Anacheka nini? Arvid alijiuliza hivyo, na mkono wake ukawa umeshalegeza nati. Akairudisha magneto taratibu hadi ishirini na nne, akakaza.

Janeen akarudi anajifuta jasho. "Ishirini na nane?"

"Ishirini na nane," akasema baba yake.

Asubuhi chumvi ilikuwa baridi na ngumu, nzuri kwa mbio. Arvid alimfunga Janeen mikanda yote saba, akampiga begani mara mbili, akapanda gari lake la kazi ili amsukume, maana magari yale marefu hayawezi kuanza mwendo yenyewe. Kusukuma macho yake yaliruhusu bado, kwa kuwa mbele hapakuwa na kitu cha kugonga. Walipofika maili sitini kwa saa Janeen akaiwasha, ikanguruma, ikamwacha. Akasimama katikati ya weupe ule, redio mkononi, akisikiliza mlio ukipungua. Ulikuwa mlio mzuri. Akajisemea, unaona? Ishirini na nne, na haina neno.

Hesabu alikuwa nayo kichwani tangu jana. Ili wastani uivuke rekodi, Janeen alihitaji maili mia mbili nukta saba na kapunje. Maili tano na kitu pungufu ya jana. Hata kwa upepo wa mbele angezipata.

Redio ikakwaruza. Mtangazaji akasoma kwa sauti ile ile anayosomea ya kila mtu: mia mbili nukta nne.

Arvid akasubiri arudie, huenda kasoma vibaya. Hakurudia. Akaendelea na gari linalofuata.

Alipofika mwisho wa njia, maili tano mbele, Janeen alikuwa ameshatoka ndani ya gari. Kofia ngumu iko chini kwenye chumvi, parachuti la breki limetandazika nyuma ya gari, na Verl Bascom amesimama mbele yake mikono mifukoni. Alikuwa amekuja mapema kuuona mwisho wa mpito. Janeen alikuwa anazungumza, na Arvid alilisikia neno "elfu tano" kabla hajazima injini.

"Ilivuta vizuri mpaka elfu tano," alikuwa akimwambia Verl, "halafu ikalegea. Nimekanyaga mpaka mguu unauma. Hakuna kitu."

Verl akainama kwenye mabomba ya ekzosi. Yalikuwa yamebadilika rangi, bluu mpaka mwisho, kama yanavyofanya moto ukichelewa kuwaka na kumalizikia nje. Kila fundi wa chumvini anaijua rangi hiyo. Arvid aliiona akiwa hatua kumi mbali, na macho yake mabovu.

"Mliweka ngapi?" Verl akauliza.

"Ishirini na nane," Janeen akasema. "Kama ulivyotuambia."

Verl akayatazama tena mabomba. Kisha akageuza kichwa, akamtazama Arvid. Walitazamana kama walivyokuwa wakitazamana zamani kwenye karakana moja, mmoja akiwa ameharibu kitu na mwingine amejua. Verl akanyooka, magoti yakilia.

"Basi nimekosea mimi," akasema. "Kumbe inachelewa zaidi ya nne. Nisamehe, binti."

Janeen akamchambua Verl kama karanga. Akasema baba yake alimwonya, tena zaidi ya mara moja, na yeye akamwona ni mzee mwenye kinyongo tu. Akamwambia amempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na sasa akae na rekodi yake mpaka aoze nayo, kwa sababu hakuna tena gari la Kolstad la kuja kuichukua. Sauti ilimkatika hapo. Verl alikuwa ameivua kofia yake nyekundu, ameishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, na alilipokea kila neno bila kujitetea.

Arvid alikuwa amesimama kando. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Hakuhitaji hata kusema uongo mwingine. Alihitaji kunyamaza tu, na binti yake angebaki upande wake hadi kufa, na Verl Bascom, kwa hiari yake mwenyewe, angekuwa mwenye kosa milele. Na hata hapo, Mungu amsamehe, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kujiuliza Verl anataka nini. Akatafuta jibu. Akatafuta kwa bidii, kama alivyotafuta ndani ya magneto, na kama ndani ya magneto, hakupata kitu.

"Niliweka ishirini na nne," akasema.

Janeen hakugeuka mara moja.

"Ulipokwenda kutia sahihi. Niliirudisha. Niliogopa, mwanangu. Nilidhani anataka kuipasua injini."

Verl akaivaa kofia yake. Akamgusa Janeen kiwiko, akatembea polepole kwenda kwenye gari lake, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini Arvid alitamani mtu yule asiondoke.

"Nilikuuliza," Janeen akasema. Hasira ilikuwa imemtoka yote, na kilichobaki ni kitu ambacho Arvid hakukijua. "Ukanitazama usoni ukasema ishirini na nane."

"Usingeingia kwenye gari."

"Nisingeingia." Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hesabu imekubali. "Baba, mimi sikagui kitu. Wajua? Miaka miwili. Wenzangu wote wanakagua wenyewe kabla ya kulala mle. Mimi nakuuliza wewe, ukisema tayari, nalala."

Arvid akataka kumshika mkono. Janeen akarudi nyuma hatua moja, bila ubaya, kama mtu anayempisha mwenye mzigo.

"Nati za usukani," akasema. "Asubuhi uliniambia umezikaza."

"Nimezikaza. Janeen, hizo nimezikaza. Naapa kwa jina la mama yako."

Gari lilikuwa la kupandishwa kwenye trela. Halikuwa na mpito mwingine, si leo, si mwakani. Nyuma yao mtangazaji alikuwa akimwita dereva anayefuata. Janeen akaenda kwenye sanduku la vifaa, akachagua spana, akapiga magoti kwenye chumvi kando ya gurudumu la mbele. Akaivuta nati ya kwanza kwa nguvu zake zote. Ilikuwa imekaza. Akahamia ya pili.